Feni hakuwa na simu

Katika grupu la wazazi wa darasa la binti yangu, ujumbe unaoanza na maneno "utafiti umethibitisha" haujibiwi. Watu huweka dole gumba, wengine viganja vya dua, mjadala umekwisha. Juzi baba mmoja alituma sauti ya dakika tatu: Wamarekani wamechunguza wakabaini kwamba simu ndizo zinazowapa vijana ADHD, ule ugonjwa wa mtoto kutotulia na kutoshika jambo likakaa kichwani. Mama mmoja akauliza kama kuna dawa. Akajibiwa, "Dawa ni kumnyang'anya."

Nilianza kuandika jibu, nikafuta. Ilikuwa saa tano usiku, nipo kitandani, nabishana kuhusu simu kwa kutumia simu, na mwenzangu ameshanigeuzia mgongo kwa sababu ya mwanga. Mtu wa namna hiyo hana hoja mbele za watu. Kwa hiyo jibu langu naliandika hapa, mchana.

Utafiti aliousema, kama ndio ule ninaoudhani, upo kweli na ni mzuri. Ulitoka Julai 2018 katika JAMA, jarida la chama cha madaktari wa Marekani, ukiwa kazi ya timu ya Adam Leventhal wa Chuo Kikuu cha Southern California. Uzuri wake ni subira. Tafiti nyingi za aina hii humpiga kijana picha moja tu: siku hiyohiyo anaulizwa kama anatumia simu sana na kama anashindwa kutulia, kisha majibu mawili yanafungwa kamba. Ni sawa na kumkuta mtoto amesimama kando ya sufuria lililomwagika ukaamua ndiye aliyelimwaga, kumbe alikuja mbio baada ya kusikia kishindo. Timu ya Leventhal ilianza na vijana wa miaka 15 na 16 katika shule 10 za sekondari za Kaunti ya Los Angeles. Waliokuwa tayari na dalili nyingi za ADHD wakawekwa kando. Wakabaki vijana 2,587, na hao wakarudiwa kila baada ya miezi sita kwa miaka miwili, tangu Septemba 2014 hadi Desemba 2016.

Waliulizwa kuhusu mambo 14 ya kidijitali: kuchungulia mitandao ya kijamii, kutuma meseji, kutazama video, kucheza gemu, kuweka picha zao, kupenda za wenzao, kununua vitu mtandaoni na mengine ya jamii hiyo. Jambo lililofanywa mara nyingi kila siku ndilo lililohesabiwa kuwa matumizi mazito. Kati ya vijana 495 ambao hawakuwa na zito hata moja, wastani wa asilimia 4.6 walionyesha dalili za ADHD katika vipimo vilivyofuata. Kati ya 114 waliokuwa na mambo mazito saba, ilikuwa asilimia 9.5. Kati ya 51 waliokuwa nayo yote 14, asilimia 10.5. Na katika kundi zima, kila jambo zito lililoongezeka lilipandisha uwezekano wa dalili kwa karibu sehemu moja ya kumi, hata baada ya kuzingatia hali ya familia, sonona na vilevi.

Kwa hiyo baba yule hakudanganya. Kutoka 4.6 hadi 10.5 ni zaidi ya mara mbili, na kwa kichwa cha habari inatosha. Lakini shika kalamu. Asilimia 10.5 ya vijana 51 ni vijana watano. Watano! Sisemi kwamba utafiti umesimama juu ya mabega ya hao watano. Nguvu ya hesabu imo katika ngazi nzima, kutoka jambo la kwanza hadi la kumi na nne, na ngazi hiyo inapanda kweli. Ninachosema ni kwamba wale wengine 46, walioshika kila kitu kinachoshikika kwenye kioo, mara nyingi kila siku, hawakuonyesha dalili za kutosha kuhesabiwa. Kama hii ni sumu, ni sumu inayowapita watu tisa kati ya kumi wanaoinywa kwa wingi kuliko wote. Watafiti wenyewe waliandika waziwazi kwamba wameona uhusiano, hawajathibitisha chanzo. Sentensi hiyo ndiyo huwa ya kwanza kudondoka njiani habari inaposafiri.

Kuna neno jingine linalodondoka, na kwangu hilo ndilo kubwa: dalili.

Vijana wale walijaza fomu wenyewe. Hakuna daktari aliyekaa nao wala mzazi aliyeulizwa mtoto alikuwaje akiwa darasa la pili. Fomu inauliza mambo 18, tisa ya umakini na tisa ya utukutu na papara, na aliyeweka alama kwenye sita au zaidi za upande mmoja akahesabiwa kuwa na dalili. Mimi nimejijazia fomu za namna hiyo wiki ya mwisho wa mwezi, hesabu za kodi zikinisubiri mezani, nikapata alama za kutisha. ADHD yenyewe haipatikani hivyo. Mwongozo ambao madaktari wa akili wa Marekani wanautumia tangu 2013 unadai dalili kadhaa ziwe zimeonekana kabla ya miaka 12, zionekane mahali pawili au zaidi, tuseme nyumbani na shuleni, na ziwe zinamvurugia mtu maisha. Kijana aliyekuwa ametulia tangu utotoni, kisha akaanza kupoteza umakini akiwa na miaka 16 na nusu, mwongozo huo unamtaka daktari aulize kwanza: kuna nini kingine?

Margaret Sibley, mtafiti wa ADHD ambaye sasa yuko idara ya tiba ya akili ya Chuo Kikuu cha Washington, aliuliza swali hilo kwa ukaidi unaonipendeza. Mwaka huohuo wa 2018 yeye na wenzake walichapisha matokeo ya watu 239 waliokuwa wamefuatiliwa tangu wakiwa na miaka kama 10 hadi katikati ya ishirini. Wakati huo kulikuwa na gumzo kubwa kuhusu ADHD inayomwanza mtu ukubwani. Sibley aliwachukua wale ambao kwa fomu tu walionekana kuipata baada ya utoto, akapitia historia ya kila mmoja hatua kwa hatua. Takriban asilimia 95 yao wakaondoka kwenye orodha. Kuna waliokuwa wanatumia vilevi, na hao ndio waliokuwa wengi. Mwingine alikuwa na tatizo jingine la akili, na mwingine dalili zilikuja zikapita, au zilikuwepo lakini hazikumzuia kitu. Fomu ni wavu wa dagaa: unaingiza dagaa, magugu na ndala iliyopotea. Wavu haujakosea, kazi yake ni kukusanya. Anayekosea ni yule anayepeleka vyote sokoni akiviita dagaa.

Soma sasa habari ya Los Angeles ukiwa na Sibley kichwani. Inawezekana kabisa kwamba simu zile ziliwapa baadhi ya vijana kitu. Usingizi mfupi, kwa mfano. Kijana wa umri huo anahitaji saa 8 hadi 10 za kulala, na akilala tano kwa mwezi mzima, mpe fomu: anasahau, anapoteza vitu, hasikilizi akisemeshwa, hamalizi alichoanza. Kila kisanduku kitapata tiki yake, na tiba yake itakuwa mto na shuka.

Mbrazili mmoja, daktari wa akili Guilherme Polanczyk wa São Paulo, amefanya kazi ambayo ningeomba isomwe kabla ya kila sauti ya dakika tatu. Mwaka 2007 yeye na wenzake walikusanya tafiti 102 kutoka kila upande wa dunia, zenye watu zaidi ya 171,000, wakapata kwamba ADHD ipo kwa takriban asilimia 5.3 ya watoto na vijana. Namba za nchi zilitofautiana sana, lakini sehemu kubwa ya tofauti hizo ilitokana na jinsi watafiti walivyopima: nani aliulizwa, kigezo gani kilitumika, kama usumbufu wa maisha ulidaiwa au haukudaiwa. Mwaka 2014 wakarudi na swali jingine: je, katika miongo mitatu ugonjwa umeongezeka? Wakasawazisha vipimo, wakatazama. Haukuongezeka. Miongo hiyo mitatu ilipita juu ya runinga za rangi, gemu za kuchomeka, kompyuta za nyumbani, intaneti na simu za kwanza za kupangusa.

Hapo utaniuliza kuhusu Marekani, ambako mwaka 2022 wazazi walisema watoto milioni 7 wa miaka 3 hadi 17, asilimia 11.4, wamewahi kuambiwa na mtaalamu kwamba wana ADHD. Miaka sita nyuma walikuwa milioni 6.1. Jibu fupi ni kwamba wanaotambuliwa wameongezeka, na wanaotambuliwa wanaweza kuongezeka hata wenye ugonjwa wakibaki walewale. Wasichana waliokuwa wanakaa kimya nyuma ya darasa wakitazama dirishani siku hizi wanaonekana. Wengine wanapewa jina hilo kwa haraka mno. Yote mawili yanatokea, wakati mwingine katika hospitali moja siku moja, na sitajifanya kuyatenganisha kwenye makala.

Wala siitetei simu. Mimi si wakili wake, na nikiwa wakili ningedai malipo kwanza. Utafiti wa Leventhal uliisha kabla TikTok haijaingia Marekani, Agosti 2018, kwa hiyo vijana wake walikuwa hawajaonja video za sekunde kumi na tano zinazofuatana bila kuombwa. Kazi mpya zaidi haipigi kengele za furaha. Mwishoni mwa 2025 timu ya Torkel Klingberg wa Taasisi ya Karolinska, Sweden, ilichapisha uchunguzi wa watoto wa Kimarekani zaidi ya 8,000 waliofuatiliwa kwa miaka minne kuanzia umri wa miaka kama 10. Waliotumia muda mwingi kwenye mitandao ya kijamii walizidi kupungukiwa umakini, polepole. Runinga na gemu hazikuonyesha hivyo. Athari yenyewe kwa mtoto mmoja ilikuwa ndogo. Hofu yao ni kwamba kidogo kikizidishwa kwa mamilioni si kidogo tena. Mimi kilichonishika ni ule mgawanyo. Kama runinga haimo na gemu hazimo, basi tatizo halimo kwenye kioo. Limo kwenye kile kinachogonga mlango: mlio, alama nyekundu, nani kajibu, nani hajajibu, nani kaiona picha akapita. Hata simu ikiwa mfukoni, nusu ya akili iko mlangoni inasikiliza.

Na kuna mzunguko. Douglas Gentile na wenzake waliwafuatilia watoto 3,034 wa Singapore kwa miaka mitatu, wakachapisha mwaka 2012: waliocheza gemu sana walizidi kuwa na shida ya umakini, na wenye shida ya umakini walizidi kucheza gemu. Timu ya Klingberg haikuona gemu zikileta shida, wala haikuona njia ya kurudi, yaani shida ya umakini kumsukuma mtoto kwenye mitandao, kwa hiyo hili halijaisha. Lakini yeyote aliyelea mtoto mwenye ADHD anajua kwa nini njia hiyo inawezekana. Darasani hakuna kinachomlipa papo hapo. Kwenye gemu kila sekunde mbili kuna sarafu.

Sasa nirudi nyumbani, maana sauti ile haikutumwa Los Angeles.

Mwaka 1994 nilikuwa kidato cha pili katika shule ya bweni ambayo simu ya karibu yake ilikuwa ya kukoroga, kilomita nane, posta. Dawati langu nilikaa na kijana tuliyemwita Feni, kwa sababu kichwa chake kilizunguka darasa zima hakitui. Feni alipoteza kalamu mbili kwa wiki. Alianza insha tatu, hakumaliza hata moja. Wakati wa prepo alisimama bila kujua amesimama, mara yuko dirishani, mara anauliza jambo lililojibiwa dakika moja iliyopita. Halafu redio ya mwalimu wa zamu ilipokufa, Feni aliifungua kwa kijiko, akakaa nayo saa nne bila kula, ikaimba. Hilo likawa ushahidi dhidi yake. "Kumbe akitaka anaweza," alisema mwalimu, na kuanzia hapo viboko vikaongezwa, kwani sasa ilikuwa imethibitishwa kwamba ni kiburi.

Aliyesoma habari za ADHD anacheka kwa uchungu hapa. Mtoto mwenye ADHD umakini anao. Usukani ndio asioushika vizuri: jambo linalomvutia linammeza, na lisilomvuta halimshiki hata kwa fimbo. Daktari Mwingereza George Still alishaeleza watoto wa namna hiyo mbele ya madaktari wenzake London mwaka 1902, watoto wasiotulia wala kudumu kwenye jambo, na akasisitiza kwamba hawakuwa wajinga wala si kwamba wote walilelewa vibaya. Tafiti za mapacha zinakadiria kwamba karibu asilimia 74 ya tofauti kati ya watu katika dalili za ADHD inatokana na urithi. Hiyo haina maana kwamba baba akiwa nayo mtoto ana asilimia 74 za kuipata. Ina maana kwamba ukitafuta sababu, anza kutazama ukoo kabla ya kutazama mfuko wa suruali.

Sisi hatukutazama ukoo. Kuhusu Feni nilisikia maelezo manne kwa miaka miwili: jini, malezi ya bibi, bangi, na kiburi. Ukiyapanga maelezo hayo pamoja unaona yana sifa moja inayofanana, kwamba hakuna hata moja linalohitaji daktari. Jini linataka mganga, malezi yanataka lawama, bangi inataka kufukuzwa shule, kiburi kinataka fimbo. Nikisikia leo "ni simu tu hizi", nasikia la tano likipanga foleni. Ni jipya, limevaa vizuri, limekuja na namba kutoka California, lakini kazi yake ni ileile.

Ndiyo maana sauti ya baba yule ilinikera kuliko ilivyostahili. Fikiria mtoto mwenye ADHD ya kweli, ile ya tangu chekechea. Ananyang'anywa simu. Wiki ya kwanza analia, ya pili anazoea, ya tatu bado anapoteza daftari. Sasa hana kisingizio, si ndiyo? Simu haipo na bado hasikii. Kiburi. Tumerudi 1994, tena bila jini la kumtetea. Na jirani yake ambaye hana ADHD yoyote, ana mitandao minne na usingizi wa saa tano, anaitwa mgonjwa kwa utani hadi anaanza kuamini, na siku moja ananiambia mimi mtu mzima, "Mi nina ADHD, anko, siwezi kusoma." Nilimuuliza analala saa ngapi. Akacheka.

Watoto hawa wawili wanajaza fomu moja kwa namna moja. Kuwatenganisha kunataka mtu aulize maswali ya kizamani: alikuwaje akiwa na miaka sita? Kanisani au madrasa anakuwaje? Likizo akiwa kwa bibi kusiko na mtandao anakuwaje? Na shule ya bweni inayokataza simu, ambazo kwetu ni nyingi, ni maabara ya bure ambayo California hawana: mtoto anakaa miezi mitatu bila kioo, mwalimu anamwona kila siku. Anayetulia baada ya wiki tatu alikuwa na shida ya simu. Asiyetulia mwaka mzima anasema kitu kingine, ila sisi majibu ya maabara hiyo tunayaandika kwenye kitabu cha nidhamu.

Najua nitaambiwa madaktari wenyewe wako wapi. Ni kweli, bingwa wa akili wa watoto katika nchi zetu ni wa kutafuta kwa tochi. Lakini anapokuwepo mtu wa kutazama, wanaonekana. Kampala, watafiti waliwapima watoto 322 waliofika kliniki za mishipa ya fahamu na za akili za hospitali ya Mulago, wakachapisha mwaka 2017: asilimia 11 walikuwa na ADHD. Hao ni watoto wa kliniki, huwezi kuchukua namba hiyo ukaipaka juu ya mtaa. Lakini walikuwepo, na walionekana kwa kuwa kuna aliyekaa kuwaulizia.

Feni aliacha shule kidato cha tatu. Nilimkuta miaka miwili iliyopita, ana banda la kutengeneza redio, feni (ndiyo, na feni) na simu zilizopasuka vioo. Anafungua simu tano kwa mpigo, hamalizi moja kabla ya kushika nyingine, na wateja wameshamzoea. Yeye mwenyewe anatumia kitochi. Anasema hizi kubwa zinamchanganya. Wakati tunaongea, bintiye wa darasa la nne alipita mara sita kati yetu, akavuta bisibisi, akaiacha, akarudi kuitafuta, akasahau alichokuwa anatafuta. Feni alinionyesha ripoti yake ya shule iliyokuwa imekunjwa chini ya betri. Chini kabisa, kwa wino mwekundu, mwalimu wa darasa alikuwa ameandika: "Hana utulivu. Mzazi apunguze simu."